Saundi ninazotengeneza kwenye kibodi zinapotea nikipiga na bendi, nakosea wapi?

"Habari mtaalamu. Nina sintesaiza ya kibodi, ina saundi mia kadhaa za kiwandani lakini naona ni zile zile kila mtu anapiga, mimi nataka zangu. Nimejaribu kutengeneza saundi ya nyuzi laini na nyingine ya brasi. Nikiwa peke yangu na hedifoni usiku zinapendeza mno, nikifika mazoezini na bendi zinapotea kabisa, nikiongeza volyumu zinakuwa makelele na mpiga besi analalamika. Nobu ya filta nayo inanichanganya, saundi nyingine nikiigusa tu inabadilika, nyingine nazungusha mpaka mwisho hakuna kinachotokea. Tena juzi nilikaa na saundi moja muda mrefu, nikabonyeza nyingine ili nilinganishe, kurudi nakuta kazi yote imefutika. Rafiki yangu anasema kibodi yangu ni ya sampo, haitengenezi saundi, inacheza tu vilivyorekodiwa, nikanunue ya analogi. Naogopa pia nisije nikaharibu saundi za kiwandani. Nianzie wapi?"

Pole kwa ile kazi iliyofutika, inauma kweli. Ila nikwambie mapema ili utulie, kwa maelezo yako kibodi yako haina ubovu na masikio yako yako sawa. Kinachokukwamisha ni kwamba unatengeneza saundi ukiwa peke yako, unaiongezea vitu mpaka inajaa, inakuwa nzuri yenyewe kama yenyewe, alafu unaipeleka mahali ambapo kuna besi, gita, ngoma na mwimbaji na kila mmoja anataka nafasi yake. Saundi ya kupiga na watu inatengenezwa kwa kupunguza zaidi kuliko kuongeza. Jibu langu kubwa ndo hilo, sasa tulichambue taratibu, kwa sababu ukishaelewa ndani ya mashine kunatokea nini hutahitaji mtu akutajie namba za kuweka.

Tuanze na kazi kufutika maana hiyo inaisha haraka. Ukiita saundi, kibodi inachukua nakala yake na kuiweka kwenye kumbukumbu ya muda, na kila nobu unayozungusha inabadilisha ile nakala, sio saundi ya asili. Ukiita saundi nyingine, nakala mpya inakaa pale pale ilipokuwa ya kwanza, na ya kwanza ndo imeshakwenda. Kwa hiyo kabla hujahama bonyeza kitufe cha kuhifadhi, kwenye kibodi nyingi kimeandikwa WRITE au STORE, alafu chagua nafasi kwenye benki ya mtumiaji. Usisubiri saundi ikamilike ndo uisevu. Sevu mapema, ukipiga hatua nyingine sevu tena kwa jina lingine, Nyuzi1, Nyuzi2, Nyuzi3, maana mara nyingi unakuja kugundua ile ya pili ilikuwa nzuri kuliko ya tano. Na kama unataka kulinganisha na ulipoanzia, angalia kama kibodi yako ina kitufe cha COMPARE, hicho kinakusikilizisha ya mwanzo alafu kinakurudisha kwenye yako bila kufuta kitu.

Hapo hapo umeshapata jibu la hofu yako ya kuharibu za kiwandani. Kuzungusha nobu hakuharibu chochote, kinachoweza kufuta ni kuhifadhi juu ya nafasi yenye kitu, na hata hapo kibodi nyingi zina njia ya kurudisha saundi za kiwandani. Ila kuwa makini sana na hiyo njia, kwa sababu ukirudisha kila kitu kama kilivyotoka kiwandani na za kwako zote zinaondoka. Kabla ya kugusa menyu hiyo hifadhi kazi zako kwenye flashi au kwenye kompyuta. Kuna na mtego mwingine ambao unawapata hata wazoefu, kibodi kubwa zina saundi za kawaida na zina mchanganyiko, yaani saundi mbili tatu au zaidi zimeunganishwa ziwe kitu kimoja. Kwenye kibodi nyingi mchanganyiko haubebi saundi zenyewe, unaonyesha tu zilipo. Kwa hiyo ukibadilisha saundi fulani ya nyuzi na kusevu juu yake, kila mchanganyiko unaotumia nyuzi hizo unabadilika nao, alafu siku ya shoo unashangaa wimbo mwingine kabisa umekuwa tofauti. Ndo maana nasisitiza sevu kwenye nafasi mpya.

(Wa zamani hawakuwa na bahati hii. Sintesaiza ya Minimoog ya mwaka 1970 haikuwa na kumbukumbu kabisa, mpigaji alikuwa anachora nobu kwenye karatasi na kuweka alama zilipoelekea. Prophet-5 ya mwaka 1978 ndo ikaja na uwezo wa kukumbuka saundi 40, ikawa habari kubwa.)

Sasa maneno ya rafiki yako. Ana ukweli nusu. Kibodi za sampo zinaanzia kwenye sauti zilizorekodiwa, na kuna mambo yamefungwa humo ndani huwezi kuyatoa, mfano piano iliyorekodiwa ina ule mlio wa nyundo kupiga waya na ina ung'avu wake, hutaigeuza ikawa filimbi hata uzungushe nini. Lakini kusema haitengenezi saundi sio kweli. Baada ya ile sampo kuchezwa inapita kwenye filta, inapita kwenye sehemu ya volyumu, inapita kwenye efekti, njia ni ile ile ya kibodi ya analogi, yaani ile inayotengeneza sauti yenyewe kwa saketi za umeme. Na ukiingia kwenye orodha ya mawimbi ya kibodi nyingi za sampo, huko mwisho mwisho baada ya mapiano na magita, utakuta mawimbi ya kawaida kabisa, msumeno, mraba, pembetatu na sine. Hayo ndo malighafi ya sintesaiza yoyote. Roland D-50 ya mwaka 1987 ilijengwa juu ya wazo hilo, kipande kifupi cha sampo kwa mwanzo wa nota, alafu mwili wa sauti unatengenezwa na mawimbi ya kawaida, kwa sababu sikio linatambua chombo kwa sehemu kubwa kutokana na ule mwanzo wake. Ukikata mwanzo wa nota ya piano ukaacha mkia tu, watu wengi watapata shida kutambua ni piano.

Mpaka hapa sijaona sababu ya wewe kununua kibodi nyingine. Sababu itakuja siku utakapofungua menyu ya kuediti ukute kuna vitu vinne vitano tu, filta, resonansi (inakaza sauti pale filta inapokatia), ataki, rilizi, basi, hakuna sehemu ya kuchagua wimbi. Kibodi za mitindo ya nyumbani nyingi ziko hivyo. Hata hiyo sio ya kutupa, utafanya mengi nayo, lakini kutengeneza kitu kutoka sifuri hutaweza.

Tuje kwenye kiini sasa. Saundi ina hatua tatu. Ya kwanza ni chanzo, yaani osileta au sampo, hiyo inatoa malighafi. Ya pili ni filta, inaondoa. Ya tatu ni volyumu, inaamua sauti inakuja vipi na inaondoka vipi. Efekti zinafuata baadaye na kwangu mimi hizo sio sehemu ya saundi, ni mazingira yake.

Chanzo kinaamua filta itakuwa na kazi au haitakuwa nayo. Chukua wimbi la msumeno kwenye nota ya mawimbi 110 kwa sekunde. Pamoja na hiyo 110 utapata 220, 330, 440, 550 na kuendelea juu, kila moja ndogo kuliko iliyotangulia. Mraba unatoa zile za namba witiri tu, 110, 330, 550, 770, ndo maana unasikika kama una shimo katikati, una uclarineti fulani hivi. Pembetatu inafuata mfumo wa mraba lakini za juu zinafifia haraka sana. Sine ina 110 peke yake, hakuna kingine. Sasa filta ya kawaida inapitisha za chini na kukata za juu, na ile yenye makali ya desibeli 24 (desibeli ni kipimo cha ukubwa wa sauti) kwa oktava ukiiweka 500 ina maana ikifika 1000 sauti imeshashuka kama desibeli 24, ikifika 2000 imeshuka kama 48, yaani karibu haipo. Ukiizungusha juu ya msumeno unasikia kila sentimita ya nobu maana kuna mengi ya kukata. Ukiizungusha juu ya sine haina cha kukata, inabaki kimya kimya mpaka uishushe chini ya nota yenyewe, hapo volyumu inaanza kupotea.

Kwa hiyo saundi ambayo nobu ya filta haifanyi kitu, jiulize kwanza ina malighafi gani. Filimbi na ogani laini zina za juu chache. Sababu nyingine ni kwamba filta imeshafunguliwa hadi juu na kitu kingine, labda envelopu yake (mpangilio wa jinsi kitu kinavyopanda na kushuka kwa muda) au nguvu ya kidole, kwa hiyo nobu inasukuma mlango ambao tayari uko wazi. Kuna saundi ambazo filta imezimwa kabisa, na kuna injini ambazo hazina filta, kibodi ya Yamaha DX7 ya mwaka 1983 kwa mfano haikuwa nayo, ung'avu unatokana na wimbi moja kulitikisa lingine. Pia kuna kibodi ambazo nobu haianzi kufanya kazi mpaka ipite kwenye thamani iliyohifadhiwa, yaani saundi imesevu filta kwenye 90, nobu yako imelala kwenye 20, unazungusha kutoka 20 hadi 80 hakuna kitu, ikigusa 90 ndo inashika. Wengi wanadhani kibodi imekufa kumbe ni mpangilio tu, unabadilishwa kwenye menyu kuu. Na mwisho kabisa, nobu hiyo hiyo kwenye saundi nyingine inaweza kuwa imepewa kazi tofauti kabisa na aliyeitengeneza.

Sasa envelopu, na hapa nataka tukae kidogo kwa sababu nadhani nyuzi zako zinafia hapa. Ataki ni muda sauti inaochukua kufika juu, dikei ni muda wa kushuka mpaka kiwango cha kukaa, sasteini ni hicho kiwango chenyewe wakati kidole bado kimebonyeza, rilizi ni muda wa kufifia ukiachia. Tatu ni muda, sasteini peke yake ni kiwango, hili linachanganya watu sana. Ukiwa peke yako usiku unapiga taratibu, nota nne za pamoja unaziacha zinaelea, ataki ya nusu sekunde inakuwa tamu. Mazoezini wimbo unaenda mapigo 120 kwa dakika, pigo moja ni milisekunde 500. Kama ataki yako ni milisekunde 500, unabonyeza kwenye pigo la kwanza na saundi yako inafika juu wakati pigo la pili linaingia, na kama umeshahamia nota nyingine haifiki kabisa. Yaani bendi haikusikii kwa sababu haupo, kila saa unakuja na hujawahi kufika. Unaongeza volyumu, sasa zile nota ndefu zinazofika zinafika zikiwa kubwa kupita kiasi, hayo ndo makelele. Shusha ataki mpaka kwenye milisekunde 80 hadi 120 kisha usikilize tena kabla hujagusa volyumu.

Rilizi nayo ina hasara yake. Ikiwa sekunde tatu, unapohama kutoka nota hizi kwenda zile, za zamani bado zinalia chini ya mpya, zinagongana, inakuwa ukungu. Weka karibu sekunde moja au chini ya hapo, ukitaka zaidi tumia pedali.

Hebu tutengeneze hizo nyuzi pamoja. Anza na saundi tupu, kibodi nyingi zina kitu kinaitwa INIT, ni wimbi moja lisilo na nakshi. Kwanza zima efekti zote, riverbu (mwangwi), koras (kunenepesha sauti kwa nakala zake zinazopishana kidogo), dilei (kurudia sauti), zote. Najua itasikika kavu na mbaya, ndo tunachotaka. Chagua msumeno kwenye osileta ya kwanza na msumeno kwenye ya pili. Ya kwanza ipandishe senti 7, ya pili ishushe senti 7, nusu toni moja ni senti 100 kwa hiyo huu ni mtengano mdogo sana. Piga ile A ya 440 utasikia sauti inapumua, zile mbili zimepishana kama mara tatu na nusu kwa sekunde. Sasa shuka oktava mbili upige A ya 110, utasikia kupumua kumepungua kasi mpaka chini ya mara moja kwa sekunde. Senti ni zile zile lakini kasi imeshuka pamoja na nota. Ndo maana mtengano unaonoga katikati ya kibodi unafanya nota za chini zianze kuyumba na kulegea, na hapo mpiga besi wako ana haki ya kulalamika. Alafu shusha filta mpaka ule ukali wa msumeno uondoke lakini bado usikie hewa juu, ukiwa na shaka ishushe mpaka iwe nzito kabisa kisha uifungue taratibu mpaka uanze kusikia maneno yake, ukifika simama. Resonansi karibu sifuri. Ataki milisekunde 100, sasteini juu, rilizi kama sekunde moja. Acha hapo. Usiongeze osileta ya tatu ya oktava ya chini, najua unaitamani, ikiwa peke yake inajaza chumba lakini eneo hilo lina mwenyewe.

Brasi ni kazi tofauti kidogo na ndo inayofundisha zaidi. Chanzo ni msumeno huo huo, moja inatosha. Tofauti iko kwenye filta kuwa na envelopu yake. Miaka ya 1960 mtunzi na mtafiti Jean-Claude Risset alichunguza sauti ya tarumbeta kwenye maabara za Bell Labs, Marekani, akaona kwamba kadiri sauti inavyokuwa kubwa ndivyo na zile za juu zinavyoongezeka, na mwanzoni mwa nota za juu zinachelewa kuliko za chini. Kwa hiyo brasi sio swali la wimbi gani, ni swali la ung'avu unaingia lini. Shusha filta chini sana, saundi iwe bubu, alafu ongeza kiasi cha envelopu ya filta mpaka ifunguke ukipiga. Ataki ya filta iweke kati ya milisekunde 40 na 80, lakini ataki ya volyumu iache karibu sifuri. Utasikia kitu kama "bwaa" badala ya "baa". Dikei kidogo ili ishuke baada ya ule mlipuko wa kwanza, sasteini katikati. Baada ya hapo unganisha nguvu ya kidole na kiasi cha hiyo envelopu ya filta, sio na volyumu peke yake. Hapa saundi inakuwa ya kwako kweli, ukibonyeza kidogo inanong'ona, ukigonga inang'aa, na hiyo hakuna saundi ya kiwandani itakupa vile vidole vyako vinavyotaka maana wao hawakujui unavyogonga.

Sasa kwa nini hedifoni zinakudanganya. Kwanza volyumu. Watafiti Fletcher na Munson walionyesha mwaka 1933 kwamba sikio halisikii masafa yote kwa usawa, na kwenye volyumu ndogo linapoteza hasa sauti za chini, na za juu pia kidogo. Usiku unasikiliza kwa chini, besi unaiona hafifu, unaiongeza. Mazoezini kila kitu ni kikubwa, ile besi uliyoongeza inavimba, unamfunika mpiga besi na bado nyuzi zenyewe hazisikiki. Pili ni stereo. Saundi nyingi za kiwandani na zile unazowekea koras zinapata unene kwa kutofautisha kushoto na kulia, hedifoni zinautoa vizuri mno. Alafu kwenye bendi unachomeka waya mmoja kwenye miksa, kushoto na kulia vinajumlishwa, baadhi ya mawimbi yanafutana, unene unayeyuka. Kila ukimaliza saundi isikilize kwa mono kupitia spika moja. Kama imekonda, punguza koras na upanuzi wa stereo mpaka ikae sawa kwa njia zote mbili, kwa sababu wanaokusikiliza ndo wanasikia hiyo ya mono.

Tatu ni riverbu. Ukumbi una mwangwi wake tayari. Riverbu uliyoweka usiku inajumlishwa na ya ukumbi, nota zinasukumwa nyuma, unasikika kama unapigia chumba cha pili. Mimi nasevu saundi za jukwaani zikiwa karibu kavu, riverbu naongeza pale pale baada ya kusikia chumba.

Nne ni eneo. Kuanzia kama mawimbi 200 mpaka 500 kwa sekunde ndo kila chombo kinapokutana, gita, piano, mwili wa sauti ya mwimbaji, ncha ya juu ya besi. Nyuzi zako zikijaa hapo hakuna atakayesikika. Kama kibodi yako ina ikwalaiza ndani ya saundi, punguza hapo desibeli 3 au 4, na chini ya 150 kata kabisa. Ukiisikiliza peke yake utaona imekuwa nyembamba, utatamani kurudisha. Usirudishe mpaka uisikie na wenzako, au kama uko peke yako cheza rekodi ya mazoezi kwenye spika na upige juu yake huku ukiediti. Kwa kweli hili la kuediti juu ya rekodi lina faida kuliko yote niliyoandika humu, maana unaamua kila kitu ukiwa unasikia bendi. Na kabla hujagusa hata nobu moja jaribu kupandisha mkono wako oktava moja juu, mara nyingine saundi haina kosa ila inapigwa palipojaa.

Kwenye kuunganisha saundi, nyuzi juu ya piano juu ya pedi, kuwa na kiasi. Kibodi ina idadi ya sauti inazoweza kutoa kwa pamoja. Tuseme ni 64. Saundi yenye leya 4 (tabaka za sauti) za stereo inaweza kula 8 kwa nota moja, kwa hiyo nota nane tu umemaliza, ongeza pedali na rilizi ndefu na utasikia nota za mwanzo zinakatika katikati. Sio ubovu huo, ni hesabu.

Utauliza je ni lazima kuanza na saundi tupu kila mara? Hapana. Kwa kazi ya kila siku tafuta saundi ya kiwandani iliyo karibu na unachotaka, zima efekti, jiulize kinachokukera kiko kwenye chanzo, kwenye filta au kwenye envelopu, rekebisha hicho kimoja, sevu kwa jina jipya. Ni haraka na wataalamu wengi wanafanya hivyo. Lakini kutengeneza kutoka sifuri mara chache kunafundisha masikio, na ndo kunakuwezesha kujua hicho kimoja cha kurekebisha ni kipi. Kama menyu za kibodi yako zinakuchosha kwa kioo kidogo, weka Surge XT kwenye kompyuta, ni programu ya sintesaiza ya bure, kila kitu unakiona kwa pamoja, jifunze huko alafu rudi kwenye kibodi na elimu ile ile. Kuna na Dexed, bure pia, inaiga mfumo wa DX7, ila hiyo iache kwanza, mfumo wa mawimbi kutikisana una mantiki nyingine na utakuchanganya kabla hujashika huu wa filta.

Ya analogi usinunue kwa sababu ya maneno ya mtu. Inunue kama umeshajua unataka nobu moja kwa kila kazi chini ya mkono, na uko tayari kwamba nyingi zinatoa nota chache kwa pamoja, nyingine moja tu, na hautapata piano humo.

Kuna wakati maandishi hayatoshi. Kama umefanya haya na bado saundi inapotea, tafuta mtu mmoja mwenye masikio akae katikati ya ukumbi mnapopiga, au fundi mitambo wa bendi, wewe umekaa nyuma ya spika huwezi kujua kinachofika mbele, na dakika kumi za mtu huyo pale pale zitaamua kama tatizo ni saundi, ni miksa au ni mahali spika ilipowekwa. Kama nobu ikizungushwa thamani inaruka ruka yenyewe, au soketi ya kutolea sauti inakwaruza ukigusa waya, hiyo ni kazi ya fundi wa vifaa vya umeme, usipulizie chochote ndani kabla hajaona. Na kama kibodi ni ya zamani na saundi ulizosevu vizuri kabisa zinapotea ukizima umeme, kuna uwezekano mkubwa betri ndogo ya ndani inayoshikilia kumbukumbu imeisha. Kuibadilisha kunahitaji kufungua kibodi na kwenye baadhi betri imechomelewa, kwa hiyo mpe fundi, ila kabla ya kumpelekea iwashe, saundi zako zilizobaki ndani zihifadhi kwenye flashi au zitume kwenye kompyuta kwa waya wa MIDI, kwa sababu betri ikitolewa kilichomo kwenye kumbukumbu hiyo kinafutika.